Maneno Aliyohifadhi Baba

Baba alikuwa fundi wa magari pembeni ya mtaa wa Asiatique, na alikataa katakata kuyaandika yale maneno. Nikimkumbusha, alifuta mikono kwenye kitambaa cheusi kwa grisi, akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Karatasi inaibiwa, mutoto wangu. Mi nilishika Kurani nzima mu kichwa. Maneno kumi na mbili ndiyo itanishinda?"

Maneno hayo ndiyo yalikuwa ufunguo wa karo yangu ya udaktari. Ndugu zetu walioko Oman na Ubelgiji walikuwa wamechoka kutuma pesa kwa mkono wa huyu na yule, kisha kugombana nani amezila. Binamu yangu mmoja huko akatufungulia pochi ya blokcheni, akiba ya pesa za mtandaoni, kwenye simu ya baba. Hapakuwa na benki wala karani. Kila aliyechanga aliona pesa zinazoingia na zinazotoka, popote alipo. Kuzitoa, hilo lilikuwa la baba peke yake. Simu ikipotea, maneno yale kwa mpangilio wake ndiyo yangezirudisha.

Yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo baba hakuijua hata salamu. Aliyahifadhi kama alivyohifadhi Kiarabu utotoni, kwa sauti, akitikisa kichwa chini ya boneti ya gari. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki chache kabla ya kulipa karo ya kwanza, baba alianguka kazini. Kiharusi. Simu ilimtoka mfukoni ikatumbukia kwenye karai la oili chafu, na haikuwaka tena.

Hospitalini aliisoma Fatiha yote bila kukwama. Zaidi ya hapo, ulimi haukumtii. Binamu aliniambia hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Nilimchukia siku ile, nikaichukia na teknolojia yake isiyojua kwamba watu huugua.

Mimi sikumuuliza baba kitu. Yeye ndiye aliyeanza. Kila nilipoingia alinishika mkono, akafumba macho, akatafuta. Midomo ilikwenda, jasho likamtoka, neno halikuja. Kisha machozi. Mama akaniita mlangoni.

"Huyu atajiua. Umuambie kitu."

Nikarudi, nikainama sikioni pake. Nikamwambia simu imepona, maneno hayahitajiki tena, karo nimeshalipa.

"Mi naanza mwezi unaokuja, baba. Upumuzike."

Aliniangalia. Halafu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na tangu hapo hakutafuta tena. Akapata neno moja jipya. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, baba alininyooshea kidole na kusema, "Dogiteri." Alilisema hilo mpaka asubuhi aliyofariki.

Sasa nauza buji na vipuri vingine katika duka lililo karibu na garaji yake. Ndugu walishatoa walichokuwa nacho, na sina uso wa kuwaomba tena. Pesa bado zipo, hazitoki. Mchana duka likipoa ninazitazama kwenye simu yangu, na wao huko walipo wanazitazama. Hakuna aliyezila.

Wale waliokuja hospitalini wakipita dukani bado wananiita dogiteri. Ninaitika, kisha ninawauliza wanatafuta buji za gari gani.