Kupiga Hodi kwa Wapiga Nyota

Nilitoka Kibondo kwa sababu mjukuu wangu Rehema alinipigia simu kusema anauza kamera yake. Rehema ana studio ndogo Kasulu. Mchana anapiga pasipoti na harusi. Usiku usio na mwezi anakwenda kijijini Nyakitonto kupiga picha za nyota. Picha hizo ameziweka kwenye tovuti yake, jina lake juu kabisa. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini jina la mjukuu wangu nalisoma hata likipinduliwa.

Asubuhi nikapanda basi na maharage yangu na mkungu wa ndizi. Mwalimu mmoja niliyekaa naye akauliza kama naenda kuona mgonjwa. Nikasema naenda kumzuia mtu asifanye ujinga, nikamwonyesha zile nyota kwenye simu. Alizitazama mpaka akasahau kunirudishia simu.

Kasulu tulifika mchana. Rehema alinipa shikamoo, lakini uso ulikuwa umenyauka. Mnunuzi angekuja kesho. Akaniketisha mbele ya kompyuta, nione kilichomvunja moyo. Alikuwa anatafuta mtandaoni tovuti zinazofanana na yake: anaingiza picha yake moja, mtandao unamletea za kufanana nayo. Zilimiminika. Wapiga nyota wa jangwani, wa kwenye theluji, wengine wana darubini nene kama pipa la maji.

"Bibi, wako wengi na wamenizidi. Mimi wa nini?"

Nikamuuliza anawatembelea tangu lini. Tangu masika. Na wao wanasemaje? Akasema hajawahi kuwaandikia.

"Umeingia kwa watu tangu masika, umeangalia vyao mpaka chumbani, ukatoka bila salamu? Kwetu Buha mtu wa hivyo tunamwita mchawi."

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

Jioni ile tulipiga hodi. Kila tovuti ina mahali pa kumwandikia mwenyewe. Mimi naanza na mwakeye, salamu yetu Waha, yeye anageuza kwa Kiingereza: hamjambo huko, mvua zinanyesha? Mimi ni Rehema wa Kasulu, napiga nyota kama wewe, karibu kwangu. Alitaka kuondoa mvua. Nikamkatalia, salamu isiyouliza mvua ni ya polisi.

Kulipokucha kulikuwa na jibu moja, la mzee wa jangwani. Rehema alinisomea polepole.

"Anasema kwao mvua hawaijui. Anasema hajaona nyota zilizolala juu ya ukungu wa bonde kama zangu. Anauliza nilisimama wapi. Na tovuti yangu ameiweka kwenye yake, Bibi, wageni wake waje kwangu."

Mnunuzi alipobisha, alimkuta Rehema anafuta lenzi. "Samahani kaka," akamwambia, "bado naitumia."

Nikarudi Kibondo mikono mitupu, kifua mbele. Nilichojifunza ni hiki: anayefanana nawe usimwogope kabla hujamsalimia. Juzi Rehema alinipigia tena, hajui amwandikie nini yule mzee. Nikamwambia aulize kama watoto wake wanamtembelea.