Tochi ya Mama wa Kinole

Juzi nilikuwa dukani Mwembesongo nikisubiri kununua balbu, na mbele yangu mama mmoja aliyeshuka kutoka Kinole, kule mlimani, alikuwa akichagua tochi. Jua lilikuwa kali, kila tochi iliyowashwa ilionekana mbovu, kwa hiyo mwenye duka akampa boksi tupu. Mama akaingiza kichwa humo pamoja na tochi, akaongea akiwa humo humo.

"Inawaka vizuri. Inatumia betri gani?"

"Hizi hizi za redio, mama. Hata huko mlimani zipo kila duka."

Kichwa kikatoka haraka. "Basi siitaki! Mpira ukianza tu, mume wangu anazitoa kwenye tochi anatia kwenye redio. Mimi naenda chooni kwa kupapasa. Nipe ya betri ambazo redio haizili."

Akaletewa nyingine, ya betri nyembamba za rimoti. Akaipima mkononi, akaguna, akairudia ile ya kwanza kwa macho. Ghafla akaanza kucheka peke yake mpaka akashika kaunta.

"Kwani betri za redio zikitiwa kwenye tochi, zinakataa?"

"Hazikatai, mama."

"Nifungie ya kwanza."

"Nikuwekee na betri?"

"Za nini? Si zipo kwenye redio!"

Wauza tochi husema tochi nzuri ni ile ambayo betri zake hazikupi shida kuzipata. Ni kweli kabisa. Ila wewe mumewe, shemeji yangu wa Kinole, kama leo kuna mechi, wahi kwa jirani.