Nguzo za Oili Chafu

Nguzo zililetwa na lori la mbao msimu wa kuchuma kahawa, zikashushwa kandokando ya barabara ya mtaa wetu pale Mbinga. Zilikuwa nyeusi tii. Watoto walizikimbilia wakazikalia, na jioni mama zao waliwachapa kwa sababu kaptula zote zilikuwa na madoa yasiyotoka kwa sabuni.

Tulizisubiri sana nguzo zile. Kwa miaka mingi umeme ulikuwa wa bomani na wa misheni, sisi wengine tukiusikia tu ukinguruma kwenye jenereta. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia na mizani zao, na kila mwenye uwezo alitaka kufunga mashine ya kukoboa au ya kusaga. Tukaambiwa kwenye mikutano kwamba Serikali haiwezi tena kufanya kila kitu yenyewe, kwa hiyo kazi ya kusimamisha nguzo na kuvuta nyaya amepewa mkandarasi. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Nilikuwa mkunga hospitalini. Nimezaliwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Liuli, nikaolewa na Mmatengo, nikajikuta naishi kwenye baridi ya milimani nikila maharage na kuota usipa, vidagaa vya ziwani kwetu. Aliyenifanya nipende kuishi Mbinga alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa na nyumba yake nyuma ya yetu, na mumewe alikuwa seremala. Uwanja ulikuwa mmoja. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia mtu bonde la pili, na alinitania kila siku ya Mungu.

"Mtu wa ziwani, njoo unuse," aliniita siku ile nguzo zilipokuja. Alikuwa amesugua kiganja kwenye nguzo. "Hii ni dawa au ni gereji?"

Nilinusa. Ilikuwa gereji. Ilikuwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini ya lori. Nguzo zenye dawa ya kuzuia mchwa na kuoza tulikuwa tumeziona misheni, na hazikunuka hivyo. Hizi zilikuwa milingoti mibichi, yaani mikaratusi, iliyokatwa milimani juzi tu, ikapakwa weusi ili ifanane na zile. Mtaa mzima ulinusa, mtaa mzima ulicheka. Tulicheka kama watu wanavyomcheka mlevi, tukidhani atalala tu aamke.

Umeme ukawaka. Sitadanganya, tulifurahi. Lakini mvua za msimu wa pili zilipokolea, nguzo iliyosimama nyuma ya ua wetu ilianza kuinama, na ukibonyeza shina lake kwa kidole, kidole kiliingia. Nilikwenda ofisi ya umeme na wifi. Bwana mkubwa wa pale, mtumishi aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, alitupokea vizuri. Alituagizia hata viti.

"Mama zangu, nguzo hizo bado hatujakabidhiwa," alisema. "Ni za mkandarasi. Mwoneni yeye."

Mume wangu alipokwenda Songea alimtafuta mkandarasi. Mkandarasi alimwambia, "Kazi nilishamaliza, mwulizeni aliyeipokea." Tukarudi ofisini. Safari hii hatukupewa viti.

"Mlililia umeme, umeme umekuja, sasa mnalilia nguzo!" alisema yule bwana. Wiki iliyofuata vijana wake walikuja na gogo wakaiegemeza ile nguzo kama unavyoegemeza mgomba uliozidiwa na mkungu. Wakaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote ya serikali niliyoiona kwa macho yangu kwenye nguzo ile.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika asubuhi, jua likatoka. Wifi alitumia jua hilo kuanika nguo. Kamba yetu ya nguo ilikuwa waya uliofungwa kutoka kwenye mpera hadi kwenye kona ya jiko la wifi. Nasema tena, kwenye mpera na kwenye jiko. Nguzo ililainika chini, gogo likateleza kwenye tope, na waya wa umeme ukaangukia waya wa nguo wakati yeye ameushika kwa mikono miwili.

Jirani yetu mjane ndiye aliyemwokoa kutoka kwenye waya, kwa mchi mkavu wa kutwangia. Alimwokoa kwenye waya tu.

Mimi nilikuwa wodini. Nilisikia kelele nje, nikatoka mbio nikidhani wameleta mzazi. Nikamkuta shemeji yangu seremala amembeba mkewe kifuani, peke yake, mwanamke mnene vile, na wala hakuwa akihema kwa uzito huo. Alinitazama akasema, "Nesi, mpokee." Aliniita nesi. Miaka yote aliniita shemeji. Nilimpokea. Viganja vyake vilikuwa vimeungua hadi ndani, na usoni hakuwa na jeraha lolote. Daktari aliweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani mwake, akakiondoa.

Tulimzika kwao, Kitura. Bwana wa umeme alikuja na gari la ofisi, akaleta mfuko wa unga na mfuko wa sukari, na akaomba nafasi ya kusema neno. Alipewa. Huko kwetu mgeni akiomba kusema msibani, anapewa.

"Ndugu wafiwa, poleni sana," alianza. "Ajali haina kinga. Ila tuwakumbushe wananchi. Marehemu alikuwa amefunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo ya umeme. Jamani, nguzo ya umeme si mti wa kuanikia nguo. Tuwe waangalifu."

Watu walianza kutikisa vichwa, wale wasiopajua nyumbani kwetu, wakisema taratibu, "Lo, kumbe." Nikasimama. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa mkekani mbele yangu, alinishika kanga akanivuta chini.

"Kaa, mwanangu. Tumzike kwanza."

Nilikaa. Padre aliendelea. Sikusikia sala hata moja. Nilikuwa natazama viatu vya yule bwana, viatu vyeusi vilivyong'arishwa, vikiwa vimesimama juu ya udongo tuliomchimbia mtu aliyemsingizia.

Tuliporudi Mbinga baada ya matanga, nguzo haikuwepo. Wakati tukiwa msibani walikuwa wamesimamisha nyingine, ngumu, iliyonyooka, yenye dawa halisi. Kumbe zilikuwepo! Nguzo nzuri zilikuwepo mahali fulani wakati wote ule. Shemeji aliishika akaizunguka, akaingia ndani. Kisha alitoka na ule unga na ile sukari, ambavyo hakuna aliyevigusa msibani, amevibeba mabegani, akaenda hadi ofisi ya umeme, akaviweka barazani, akarudi kuendelea na msiba wake.

Yule jirani mjane akanifuata jikoni. "Sista, wale vijana niliwaomba nguzo ya zamani iwe kuni, wakaniachia kipande cha chini," alisema. "Hakiwaki. Ni unga mtupu ndani. Nikitupe?"

"Usikitupe," nilimwambia.

Haukupita muda mrefu, akaja mgeni mkubwa kutoka mkoani kuzindua mashine mpya ya kahawa. Mkutano ulifanyika uwanjani karibu na soko. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, ikapangwa soda na maua ya plastiki. Bwana wa umeme alikaa upande wa kulia na mwakilishi wa mkandarasi kushoto. Mgeni alisema maneno mazuri kuhusu sekta binafsi, kisha akauliza kama wananchi wana maswali. Nadhani alitegemea maswali kuhusu mbolea.

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kazi, makusudi. Shemeji alikuwa nyuma yangu amebeba kitu kilichofungwa kwenye kanga.

"Mheshimiwa, mtaani kwetu mwanamke amekufa kwa umeme," nilisema. "Tumeambiwa alifunga kamba ya nguo kwenye nguzo. Kamba ilifungwa kwenye mpera, na mpera bado upo, unaweza kuja kuuona. Nguzo ndiyo haipo. Kwa hiyo tumekuletea."

Shemeji akapita mbele, hakuna aliyemzuia, pengine kwa sababu walidhani ni zawadi. Akafungua kanga akaweka kipande cha nguzo juu ya kitambaa cheupe. Alikiweka polepole kama mtu anayelaza mtoto, lakini kilipasuka hata hivyo. Unga wa kahawia ukamwagika, na mchwa wakatoka ndani wakakimbia katikati ya chupa za soda.

Watu waliangua kicheko. Kisha wakaona sura ya shemeji, wakanyamaza wote.

"Nani alipokea nguzo hizi?" mgeni aliuliza.

Bwana wa umeme alimtazama mwakilishi wa mkandarasi. Mwakilishi alimtazama bwana wa umeme.

"Nauliza, nani alizikagua?"

"Mheshimiwa, mchakato wa makabidhiano ulikuwa unaendelea..." alianza bwana wa umeme.

"Mke wangu hakufa kwa mchakato," shemeji alisema. Ndiyo sentensi pekee aliyoisema siku ile.

Mgeni alifuta meza kwa leso yake mwenyewe. Akasema suala hili ni zito, atalifanyia kazi. Mshereheshaji akaamka haraka akaita ngoma. Ilikuwa mganda, ngoma ya kwetu ufukweni, wanaume wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Nimekua nikiipenda. Siku ile walipigishwa ili nisisikike, na kwa miaka mingi sikuweza kuisikiliza tena.

Suala likafanyiwa kazi hivi. Nguzo za barabara kuu, zinazoonekana na wageni, zilibadilishwa. Za mitaa ya nyuma ziliegemezwa magogo. Bwana wa umeme alihamishiwa mji mkubwa kuliko Mbinga, akapanda cheo. Mkandarasi alibadilisha jina la kampuni, tukasikia amepata kazi wilaya nyingine. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mimi nilipewa uhamisho kwenda zahanati ya Kingerikiti. Mkuu wangu wa kazi, mama mtu mzima niliyemheshimu, alinipa habari hiyo akitazama dirishani.

"Ulisema kweli," aliniambia, "lakini uliisema mbele ya wageni."

"Nyuma ya wageni niliisema mara nyingi, mama," nilijibu. "Hamkunihamisha."

Nilizalisha wanawake Kingerikiti kwa taa ya chemli hadi nilipozeeka. Shemeji hakuoa tena. Kwa muda mrefu nilidhani lililobaki ni kumkumbuka tu marehemu. Kisha siku moja, nikiwa nimekwenda Mbinga kwenye semina ya watumishi wa afya, akaletwa kijana fundi wa ofisi ya umeme kutufundisha usalama wa umeme. Alifundisha vizuri. Akafika mahali akasema, "Msiige yule mama wa hapahapa mjini, wa zamani, aliyefunga kamba ya nguo kwenye nguzo akafa."

Nikamwuliza, "Nani alikuambia hivyo?"

"Ndivyo tulivyofundishwa ofisini, mama."

Nikamweleza yote, mbele ya semina nzima, kuanzia oili chafu hadi mchwa. Alinisikiliza. Hakubisha, ila alikuwa akipeleka macho kwenye saa. Nilipomaliza aliniamkia upya, shikamoo mama, akanipa pole, akaniomba radhi. Kisha akageukia ubao na kuendelea na sehemu ya fyuzi.