Kigingi Juu ya Paa la Bibi

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi ndani ya kilima. Sisemi kwa mafumbo. Nyumba yake kule Bashay ilichimbwa kwenye mteremko, kilima chenyewe kikawa ukuta wa nyuma, na paa la miti likafunikwa udongo mpaka likaota majani. Ukitokea juu uliona majani tu, na pengine mbuzi anakula. Ukitokea chini ndipo ulipoona mlango. Wazee walijenga hivyo enzi za kunyang'anyana mifugo, ili adui apite zake bila kujua kwamba chini ya miguu yake kuna watu na ng'ombe wametulia tuli.

Nilizaliwa humo, na nilipopata akili za shule nikaanza kuionea aibu. Chuoni, wenzangu waliponiuliza kwetu kukoje, niliwaambia kwetu ni bati. Haikuwa uongo kabisa: baba alikuwa amejenga ya bati karibu na barabara. Bibi ndiye aliyegoma kuhamia. Alisema bati linapiga kelele mvua ikinyesha, mtu hawezi hata kusali.

Siku hizi nikifumba macho nausikia ubaridi wa ile nyumba mchana wa jua kali, na harufu ya moshi, maziwa na ndama. Nakumbuka majirani walivyokuja kila mwaka kabla ya mvua kupandisha udongo mpya juu ya paa na kuushindilia kwa miguu, wakiimba, sisi ndani tukipukutikiwa na vumbi na kucheka. Paa lile halikuhitaji fundi. Lilihitaji watu tu.

Halafu akaja mwekezaji. Ilikuwa miaka ya soko huria, mkoa wa Manyara ndio kwanza umezaliwa, na neno "mwekezaji" lilitajwa hadi kanisani. Wakatumwa mtaalamu mmoja wa kuchora majengo na mpima ardhi wake. Mimi nilikuwa nimemaliza ualimu, nipo nyumbani nasubiri kupangiwa shule, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akanipa kazi ya kuwatembeza.

Mtaalamu alikuwa mtu mstaarabu, anayependa kueleza. Zitajengwa nyumba za watu wenye uwezo, alisema, na katikati uwanja wa gofu. Gofu nilikuwa nimeiona gazetini: watu wazima wanakifukuza kimpira kwa fimbo, ng'ombe hawaonekani. Lakini alichosema kuhusu nyumba kilinigusa.

"Sitaki nyumba zigombane na ardhi," alisema. "Mtu akitazama kutoka mbali, aone kilima tu."

Tulikuwa tumesimama upande wa juu. Akanyoosha kidole kwenye kiduta kilichojaa majani mafupi, yaliyoliwa vizuri na mbuzi. Pale pangefaa kuwa na shimo moja la gofu, alisema. Kisha akaniuliza, "Hakuna nyumba ya mtu pale?"

Nikawaza ule mlango wa kuinama, ng'ombe ndani, moshi, na bibi yangu peku.

"Hakuna," nikasema.

Neno moja tu. Mpima ardhi akachukua nyundo, akaenda kukita kigingi juu ya paa la bibi, nasi tukamfuata. Alipogonga mara ya nne, sauti ikatoka ardhini.

"Nani anagonga juu ya kichwa changu?"

Mpima aliruka kama aliyekanyaga nyoka. Bibi akachomoza chini yetu, mwiko mkononi, udongo kwenye nywele. Mtaalamu, kwa kuchanganyikiwa, akamwamkia akiwa bado juu ya paa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na hiyo miguu yako kwa paa langu, na yenyewe inaniamkia?"

Akashuka mbio, akaamkia upya. Bibi hakuwa na kinyongo na mgeni. Akawaingiza ndani, akawapa makande na maziwa mgando. Mtaalamu hakula kwanza. Alipapasa kuta, akatazama nguzo, akapima mlango kwa mkono. Akasema wiki nzima alikuwa anahangaika kuchora nyumba ya namna hii, na hakuweza. Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote.

"Lakini dada, si ulisema hapa hakuna nyumba?"

Bibi aliweka mwiko chini. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwetu, nadhani ili wageni nao wasikie:

"Wazee wamejenga hii nyumba adui asiione. Adui hajaiona. Sasa na mjukuu wangu pia haioni?"

Nililia palepale, mbele za wageni, mtu mzima na cheti cha ualimu. Bibi akanisogezea bakuli.

"Kula. Uko ndani ya nyumba ambayo haiko."

Mtaalamu alikwenda kuking'oa kigingi mwenyewe. Bibi akakiomba, akakipigilia kando ya mlango, akawa anafungia ndama. Wageni wakaondoka na mwekezaji hakuonekana tena. Tulisikia tu kwamba fedha zilikwenda kwingine. Kila nilipokuja likizo bibi alinipokea kwa utani uleule: "Karibu kwa nyumba ambayo haiko." Tulicheka wote wawili, ila mimi utani huo ulinichoma kila mara.

Nilipangiwa shule mbali. Bibi alipofariki, hakuna aliyepandisha udongo juu ya paa. Majirani wazee walikuwa wamechoka, vijana wote wana bati, na mimi, niliyepaswa kuwaita, nilijiambia nitakuja mwakani. Mvua za miaka miwili zilitosha kuliangusha.

Mwaka jana nilipita pale na mwanangu wa mwisho. Kuna bonde dogo lenye majani, na kigingi kimesimama peke yake. Mtoto akaniuliza kama hapo palikuwa na nyumba ya mtu. Nikamwambia ndiyo, palikuwa na nyumba ya bibi yangu, nami nilizaliwa humo. Akatazama huku na huku, akasema, "Mama, mbona hakuna?"