Mwaka wa Noeline Barafuni

Ule mwezi wa mafunzo pale Hobart ulikuwa na raha yake! Noeline Batchelor, mpishi wa shule aliyeajiriwa kupika mwaka mzima katika kituo cha utafiti kwenye barafu ya kusini mwa dunia, alifundishwa kuzima moto, kulala hemani juu ya theluji, na hata kumshikia daktari mikasi ya upasuaji, maana kule kituoni barafuni daktari ni mmoja na mgonjwa hana pa kukimbilia.

"Dada, siku ukinifungua tumbo," Kel, fundi bomba wa kituo, alimtania, "usije ukanitia kitunguu!"

"Wewe hata kitunguu kitakukataa."

Mpaka leo akiyakumbuka hayo hucheka peke yake jikoni.

Lakini moyo wake haukutulia. Baba yake, mzee Clarrie, aliyemlea katika shamba la matufaha huko Huon, alikuwa mgonjwa wa moyo, na kipupwe kikiingia kule kusini, meli haiji wala ndege haitui. Garth, mkuu wa kituo, alimwuliza kila mmoja faraghani: msiba ukitokea nyumbani, uambiwe papo hapo, au mpaka urudi? Noeline alishindwa kujibu. Akaenda Huon kumwambia mzee kwamba safari anaiacha.

"Uache?" mzee akafoka, huku akimenya tufaha. "Tangu utotoni kusini, kusini, umetuchosha masikio! Nenda."

"Na ukifa, Baba?"

"Nikifa nimekufa. Utanifufua kwa supu yako? Sikiliza, mwanangu. Waambie wasikwambie. Nataka huko niwe hai mpaka urudi."

Noeline alilia, na nani asingelia? Kisha akamjibu Garth hivyo hivyo, na kaka yake Rex akaapa kutomtaja mzee katika barua pepe, kwa heri wala kwa shari.

Kipupwe kizima alipika kwa furaha. Garth hakuwa mtu wa soga, mkavu kama ukuni, lakini katikati ya baridi alianza kuja jikoni kila Jumapili, akamenya viazi na kusema, "Hebu nisimulie habari za mzee wako." Noeline akasimulia: ugomvi wake na kasuku weupe walioshambulia matufaha, nyimbo zake za ovyo barabarani. Garth hakuchoka kusikiliza.

Meli ilipofika Hobart, Rex alikuwa amesimama gatini peke yake. Noeline alimgeukia Garth.

"Lini?"

"Julai."

"Na zile Jumapili zote?"

"Kukwambia nisingeweza," Garth akasema, machozi yakimlenga. "Nikaona angalau nikae nawe matanga."