Nimsamehe Shetani?

Mtaani walimwita Dada Dobi, hata wale waliomzidi umri. Kazi aliianza na sare ya shule ya mdogo wake. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na minane, mdogo wake tisa, na sare ilikuwa moja tu: ilifuliwa jioni, ikapigwa pasi asubuhi ikiwa bado na unyevu. Jirani akaiona ile kola ilivyonyooka, akaleta mashati yake. Basi, ikawa kazi. Miaka thelathini baadaye alikuwa na chumba chenye mabeseni matatu, meza ya pasi na kamba za nguo uani, na kila Jumapili alifundisha watoto kanisani. Mdogo wake naye alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mzima mwenye kipara, na bado kila Ijumaa alikuja kumtupia dada yake mashati mezani kama mwana wa mfalme.

Kilichomtoa jasho Dada Dobi kuliko pasi ni wateja wasiosema ukweli.

"Hili doa la nini?"

"Sijui, Dada. Nimelikuta tu."

"Umelikuta? Kwani shati lilitoka matembezini peke yake?"

Damu inataka maji baridi, mafuta yanataka ya moto. Ukikosea, doa linahamia moja kwa moja. Watu walidhani anawahukumu, kumbe alitaka tu kujua aanze na maji gani.

Mdogo wake alikufa Jumatatu asubuhi, kwenye mteremko wa kushukia sokoni. Breki zilikataa. Gari lilikuwa limetoka gereji Jumamosi iliyotangulia.

Kwenye msiba kila aliyeingia alikuja na Shetani wake mkononi. Huyu anasema Shetani ana wivu na familia zinazosali, yule anasema ni kazi ya mwovu, jipe moyo. Hata fundi wa gereji aliyezishughulikia breki hizo, muumini mwenzao wa kanisa lilelile, alikuja akalia kuliko wafiwa, akasema, "Dada, shetani alinipitia." Watu wakaguna kwa huruma. Wakampa maji na kiti.

Tangu siku hiyo Dada Dobi hakuisogelea meza ya Bwana. Miaka ishirini amewafundisha watoto wa watu kwamba mezani hawaendi na kinyongo, na kinyongo alikuwa nacho cha kujaza mabeseni yote matatu. Wasichokijua watu ni kwamba alitaka kusamehe. Alichoka kubaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele. Aliisikia njaa hiyo kabisa, kama mtu aliyefunga bila kukusudia.

Mwezi wa nne baada ya msiba, mchungaji akamleta fundi pale kazini, mchana kweupe, pasi ikiwa moto.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha," fundi alisema, kofia mkononi.

"Wa nini?"

"Wa… yale yaliyotokea. Shetani alinipitia, Dada."

"Alipitia wapi? Mlangoni au dirishani? Maana gereji yako haina dirisha."

Mchungaji akakohoa. "Dada, tusifanye mzaha."

"Baba Mchungaji, mzaha anao huyu. Kwa maelezo yake, aliyetengeneza gari ni Shetani. Sasa nimsamehe nani? Nimsamehe Shetani? Ruhusa hiyo sina."

Mchungaji akavuta kiti, akaanzia mbali. Mungu aliumba kila kitu kikiwa chema. Malaika mmoja akajiinua, akaanguka, akaja bustanini kama nyoka. Dhambi ikaingia ulimwenguni, na kifo nyuma yake. Alieleza vizuri. Dada Dobi aliendelea kunyoosha kola, akimsubiri kama mtu aliyefungulia bomba na kungoja kutu iishe.

"Hayo nayafundisha kila mwaka," alisema, "na nayaamini yote. Hebu nikumbushe tu. Mungu alipokuja bustanini, alimhoji nani?"

"Adamu."

"Kisha?"

"Hawa."

"Na nyoka alimuuliza nini?"

Mchungaji akafikiri. "Hakumuuliza kitu. Alimlaani."

"Basi! Nyoka hahojiwi. Mume kamsukumia mke, mke kamsukumia nyoka, na wote wawili wakatolewa nje. Watoto wangu wa miaka saba wanalijua hilo. Huyu na ndevu zake halijui."

Fundi akaibwaga kofia juu ya nguo safi. "Unataka niseme nini, Dada? Niseme nini?"

"Kwanza toa kofia yako hapo, ina grisi. Halafu sema ulichofanya."

"Mpira wa breki ulikuwa umechanika!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayegombana. "Niliuona. Duka la jirani hawakuwa nao. La pili liko mbali, na jua lilikuwa kali. Nikasema, aa, wiki moja utafika. Nikaurudisha uleule. Akaniuliza, fundi, iko sawa? Nikamwambia iko sawa, nenda."

Uani kamba ya nguo ililia kwa upepo.

"Ulisikia sauti ikikutuma?"

"Hakuna sauti, Dada. Niliona uvivu."

"Na ulijua ni mbovu."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Fundi akaiondoa kofia juu ya nguo. "Kila siku najiuliza. Sijui."

Dada Dobi akamgeukia mchungaji, safari hii bila kejeli. "Hapo ndipo pananishinda, Baba. Yule malaika alikuwa mbinguni, hakukosa kitu. Yeye alijaribiwa na nani?"

"Alichagua mwenyewe," mchungaji alisema polepole. "Kwa nini alichagua hivyo, sijui."

Uvivu. Miezi minne Dada Dobi alikuwa amejiandaa kupambana na joka, kumbe ni mtu aliyeogopa kutembea juani. Ilimuuma kuliko joka lolote. Alitamani amrushie pasi. Akaizima.

"Kosa hilo lina mwenyewe," alisema. "Hilo naweza kulisamehe."

Mchungaji akainua mikono aombe.

"Si leo, Baba! Shusha mikono. Hata sijalimeza, mnataka amina."

Zilipita Jumapili tano. Ya sita aliinuka, akaenda mbele. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, pembeni ya fundi. Alisimama pale akihema, hasira bado anayo, ila safari hii hakurudi nyuma.

"Sogea," alimnong'oneza.

"Dada?"

"Sogea nipige magoti. Umejitanua kama umelinunua kanisa."

Fundi akasogea.