Pokea, Azmari!

Mwaka mpya wetu huja mvua zinapokwisha, maua ya njano yanapojaa kila mahali, na safari hii Etiye Bosena alianza kujiandaa mapema kuliko mtu yeyote pale uani. Alipaka chokaa chumba cha nyuma. Alinunua kitanda na godoro jipya. Kisha akamkatalia kila aliyekuja kuuliza kodi ya chumba hicho. Mama yangu hawezi kuona mlango umefungwa asitake kujua kuna nini ndani, basi siku moja akiwa anaanika nguo akamchokoza.

"Etiye, wanafunzi wa chuo wanalala wanne wanne hapa Bahir Dar, wewe unafungia chumba kitupu. Unamwekea nani, malaika?"

"Mgeni."

"Mgeni wa siku mbili ndiye anayepakiwa chokaa?"

Etiye aliendelea kusokota pamba yake pale mlangoni kama hakusikia. Etiye ni jina la heshima tu, kama kusema dada mkubwa, na sisi wapangaji wake wote tunamwita hivyo, hata mama.

Mimi aliniambia. Nadhani ni kwa sababu nauliza sana mpaka mtu anaona nafuu kujibu. Nilikuwa namshikia ngazi wakati anapigilia msumari wa pazia.

"Askale anakuja na Wubit. Wubit atarudi kwa mumewe. Askale mumewe alifariki mwaka jana, watoto wako Kanada. Anakaa ghorofa ya nne huko Addis Ababa, kila akinipigia simu ananiambia kwenye ngazi hakuna hata mtu mmoja anayejua jina lake. Chumba hiki ni chake. Akikitaka."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia akija. Kwenye simu mtu anajibu haraka."

"Sasa mwambie tu akishuka kwenye basi."

Alinitazama kutoka juu ya ngazi. "Sosina, wewe umelelewa na nani? Mtu unamwomba hivyo, usoni? Akikataa ataiweka wapi sura yake? Na mimi yangu nitaiweka wapi?"

Kweli kwetu ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kuwa na njaa mpaka macho yanaona giza, ukimkaribisha atasema ameshiba, utamsihi, atakataa, utamsihi tena, ndipo anawe mikono. Kuomba moja kwa moja ni kumbana mtu ukutani.

Hao watatu walikutana wakiwa wasichana, kwenye kiwanda cha nguo, wakaishi bweni moja. Bosena alilala kitanda cha juu, Askale cha chini. Wubit aliolewa na dereva, Askale akaolewa na karani, wote wakahamia Addis. Bosena alibaki na mashine zake. Aliolewa akiwa amechelewa, mume akaugua na kufa kabla hawajapata mtoto, naye akastaafu, akanunua zeri ya magoti na pamba ya kusokota. Hayo ndiyo maisha yake yote, na ukimuuliza zaidi anakwambia hakuna zaidi.

Walifika Jumamosi. Nilitegemea vikongwe viwili vya kunung'unika, kumbe alishuka Etiye Askale, mnene, amejitanda shela nyeupe, anacheka hata kabla hajakanyaga chini.

"Bosena! Nani amekunyonya? Umebaki mifupa na macho!"

"Na wewe nani amekupulizia? Basi limekuja limeinama upande mmoja!"

Wakabusiana mashavu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka kondakta akawaomba wasogee. Etiye Wubit alishuka nyuma akishika kiuno na kuuliza choo kiko wapi.

Jioni ile Etiye Bosena aliwaonyesha chumba. Nilisimama nyuma yao. Etiye Askale akaligusa pazia, akakalia godoro, akalirukiarukia kidogo.

"Kizuri sana," alisema. "Dirisha linaingiza jua. Mpangaji wako atakuwa na bahati."

"Sijapata mpangaji," alisema Etiye Bosena.

"Utapata. Chumba kama hiki!" Na akamwita Wubit aje aone dirisha.

Kesho yake tukaenda kwenye maporomoko ya mto Abay. Maji hayo yako karibu nasi, asubuhi unaenda na adhuhuri umesharudi, na watu wanavuka bahari kuja kuyaona. Wageni walidhani Etiye Bosena atawaongoza. Akaongoza. Tukapita daraja la mawe, tukapanda kilima, tukaingia katikati ya shamba la mahindi la mtu, na mbwa wake akatutoa mbio.

"Wewe mwanamke!" Etiye Wubit alikuwa ameshika magoti, anahema. "Umekaa hapa maisha yako yote, hujui njia?"

"Sijawahi kuja."

Wote wawili wakamgeukia.

"Hujawahi kuja wapi?"

"Hapa. Nayaona kwenye kalenda."

"Bosena, acha utani."

"Ningekuja na nani?" alisema, akikung'uta matope kwenye gauni. "Mtu haendi peke yake kutazama maji. Watu watasema amechanganyikiwa, anataka kujirusha."

Etiye Wubit alicheka. Etiye Askale hakucheka. Alimshika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika.

Sikujua maji yanaweza kupiga kelele vile. Yalikuwa mengi, mekundu kama chai yenye maziwa, yanatoa moshi, na ndani ya moshi upinde wa mvua umesimama kama mtu ameuegemeza pale kisha akausahau. Nilikuwa nimelowa na nilikuwa napiga kelele mwenyewe bila kujijua. Mpiga picha mmoja akatujia, akatupanga, akawauliza akina mama wametoka wapi.

"Addis," alisema Wubit.

"Wote?"

"Mimi ni wa hapa," alisema Etiye Bosena, lakini mpiga picha alikuwa ameshageuka kurekebisha kamera yake.

Baada ya picha nikamwona amemsogelea Askale sikioni. Wubit alikuwa amekaa juu ya jiwe anakamua soksi. Nikasema moyoni, sasa! Midomo yake ilitikisika muda mrefu.

"Nini?" alipiga kelele Askale.

Akarudia.

"Sisikii! Unasema nini?"

Etiye Bosena akasita. Halafu akainua sauti mpaka na mimi nikamsikia. "Nasema maji mengi!"

"Mengi kweli!" alijibu Askale, akafuta uso kwa shela.

Basi ikabaki alasiri moja tu, kwa sababu Jumatatu alfajiri walikuwa na basi. Na alasiri hiyo tulikwenda kwenye ukumbi wa azmari, mwimbaji anayetunga papo kwa papo. Siku za sikukuu wanaanza mapema, jua bado kali, ndiyo maana mama aliniruhusu. Viti vifupi, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, harufu ya kahawa inakaangwa pembeni. Azmari alikuwa bwana mwembamba mwenye zeze la uzi mmoja, na mwenzake mwanamke alikuwa anacheza kwa mabega, mabega yanatikisika peke yake kama hayana mwenyewe.

Azmari anapita meza kwa meza anakuimba. Alimwangalia Etiye Wubit, akaimba kwamba mama huyu ana sura ya hasira, bila shaka mumewe amemwachia vyombo vyote aoshe. Ukumbi ukacheka. Akamwimba Askale kwamba amekaa viti viwili na bado anaogopa kuanguka. Askale alicheka mpaka machozi, akambandika azmari noti kwenye paji la uso, jasho likaishika.

Na ukiwa na lako la kusema, unapaza sauti, "Pokea, azmari!" Unalitoa neno lako kwa beti, naye analipokea, analiimba kwa sauti yake, watu wote wanasikia. Mara nyingi beti ina nje na ndani. Nje ni mchezo wa kila mtu. Ndani ni ya yule uliyemkusudia. Vijana wanaomba hivyo wachumba, wadeni wanadaiana, na kama ndani hapapendezi, mtu anachukua ya nje, anacheka, na hakuna aliyeumbuka.

Kijana mmoja alikuwa amemaliza kumtania rafiki yake kuhusu viatu vya kuazima, nikasikia sauti karibu yangu, nyembamba, inakwaruza.

"Pokea, azmari!"

Alikuwa Etiye Bosena. Mwanamke ambaye hata kwenye mkutano wa chama cha mazishi anamtuma jirani amsemee. Alikuwa amesimama, ameshika ncha za shela kwa mikono yote miwili.

"Mama ananipa!" azmari akasema. "Nyamazeni! Toa, mama!"

Akatoa:

"Jiko langu lina jivu, nyumba nzima ni baridi.
Kaa, nakuomba kaa, sitaki tena zaidi."

 Kaa. Wenzangu, kaa la moto, ndiyo, analoomba kila jirani asubuhi akiwa na kipande cha bati mkononi. Lakini pia kaa. Usiende. Kaa!

Azmari aliipokea, akaivuta, akaizungusha kwenye ule uzi mmoja mpaka ikawa inalia. "Kaaa, nakuomba kaaa..." Kwa muda kidogo hakuna aliyesogeza kikombe. Kisha, kwa kuwa kazi yake ni kuchekesha, akageukia meza nyingine. "Jamani, mama ana baridi! Nani ana makaa humu?"

"Mimi ninalo, mama," alisema yule kijana wa viatu, "lakini limeshazimika!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Etiye Wubit alikuwa anampiga Bosena mgongoni. "Mshairi! Umeficha wapi haya miaka yote?"

Mimi nilikuwa namtazama Etiye Askale. Alikuwa anacheka pamoja na wengine. Halafu kicheko kikamwisha kabla ya wengine, akainama kwenye sinia. Alikuwa anakata mkate wa injera, anakunja na nyama, anaongeza, anakunja tena. Etiye Bosena alikuwa bado amesimama, ameanza kusema, "Askale..."

"Kaa chini ule," alisema Askale, na tonge likawa limeshafika mdomoni mwa Bosena.

Tonge la mkono wa rafiki halikataliwi. Ni upendo huo, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo upendo ulivyo mkubwa. Lile lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Etiye Bosena alikaa akitafuna, mashavu yamemjaa, macho yamemjaa, hawezi kusema kitu. Na alipokaribia kulimaliza, Askale alikuwa tayari na la pili.

Walipokuwa wanafunga mizigo, Askale alizungumza sana. Bei ya vitunguu. Jirani wa ghorofa ya tano anayekokota viti. "Nalalamika, lakini nimezoea," alisema mara mbili, ingawa hakuna aliyemuuliza. Alfajiri wakabusiana tena, kulia, kushoto, wakaondoka.

Jua lilikuwa limeshapanda mwenye punda alipogonga lango. Alikuwa na gunia la makaa limefungwa vizuri kwa kamba mpya. Alisema mama mmoja mnene alimsimamisha njiani kuelekea stendi, akalipa kila kitu, akamwelekeza nyumba yenye lango la bluu.

Mama yangu, ambaye nilishamsimulia beti ile, alipiga makofi. "Ona rafiki huyo! Aliomba kaa kwa mchezo, kaletewa gunia!"

Etiye Bosena alilizunguka lile gunia kama mtu anayetafuta mlango wake. Simu ikalia. Alikuwa Askale, yuko ndani ya basi, sauti yake kubwa mpaka sisi tunamsikia.

"Limefika?"

"Limefika. Mungu akubariki."

"Ni makaa mazuri, hayatoi moshi. Hutasikia baridi tena."

"Umeleta mengi mno, Askale," alisema Etiye Bosena. "Mimi niliomba moja."

 Nilisikia injini ya basi, na mtoto wa mtu analia. Nilisubiri. Mama naye akaacha kukung'uta shuka.

"Bosena," alisema Askale, sasa kwa sauti ndogo. "Bosena, huku mtandao unakatika."

Na ukakatika.

Alibaki ameishika simu kwenye kiganja, anaitazama mpaka taa yake ikazima. Nilijua si wakati wa kuuliza, nikauliza.

"Etiye, unadhani hakukuelewa?"

"Askale?" Alicheka kidogo puani. "Kule bwenini nilikuwa nikikohoa kitanda cha juu, yeye chini anajua ni homa au ni kilio."

Akajifunga shela kiunoni, akainama.

"Shika upande huo, Sosina. Lisilale hapa nje, litalowa umande."